Zile dakika tajiri anaona umekaa tu

Mwezi wa 7 hapa Uyole, Mbeya, saa 11 na nusu alfajiri, chuma kinang'ata. Unashika mlango wa eskaveta baridi inapanda mpaka kwenye kiwiko, unawasha injini inakohoa moshi mweupe, alafu unashuka unasimama pembeni unapuliza mikono. Mtu akipita muda huo ataona jamaa kavaa koti, kofia ya sufi mpaka masikioni, kikombe cha chai mkononi, mashine inanguruma peke yake na hamna udongo unaochimbwa. Tajiri akipita naye anaona hivyohivyo. Na kwa vile mashine inakodishwa kwa saa na awamita, ile mita ya masaa ya injini, inahesabu hata ikiwa imesimama, yeye anaona hela yake inaondoka na ule moshi.

Mimi ni fundi mitambo, na siku ambazo sitengenezi naendesha lobedi, lori la tela la chini la kubebea mitambo, nahamisha hizohizo mashine ninazozitengeneza, Mbeya, Chunya, Mbozi, Makambako, Mafinga, mara mojamoja Makete huko juu. Miaka 16 sasa. Karibu ugomvi wote niliowahi kuwa nao na matajiri ni juu ya hizo dakika. Sio spea, sio mshahara, ni zile dakika ambazo mtu anaona umekaa tu. Juzi kuna dogo katoka chuo cha ufundi VETA kaja kuomba kujifunza kwangu, siku ya tatu akaniuliza kaka kwani lazima tusubiri mashine ipate moto, mbona kule nilipofanya fild walikuwa wanawasha wanaondoka. Nikamjibu kwa kifupi maana kazi ilikuwa inasubiri, lakini jibu lenyewe halikuwa fupi, na usiku nikajikuta bado namjibu kichwani. Ndo naliandika hapa.

Tuanze na hiyo ya baridi. Oili ikilala usiku kucha kwenye baridi ya Uyole inakuwa nzito kama asali, pampu inaivuta kwa shida, na kule juu kwenye turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, haijafika bado. Shafti ya turbo haikai kwenye beringi za gololi kama watu wanavyodhani, inaelea juu ya oili, na ikiwa mzigoni inazunguka mpaka laki 1 kwa dakika, sasa wewe unawasha unakanyaga hapohapo, ile shafti inasuguana na nini? Dakika 10 hivi za kuungurumisha taratibu, unanyanyua bumu kidogo, unakunja na kukunjua mkono, unaitembeza mbele nyuma, mpaka oili ya haidroliki nayo ipate uvuguvugu. Na jioni kabla ya kuzima unaiacha dakika 5 bila mzigo, kwa sababu ukizima ghafla ikiwa ya moto oili iliyobaki kwenye turbo inaungua inakuwa masizi magumu, kesho yake yale masizi ndo yanaanza kukwangua. Mimi turbo nyingi nilizofungua hazikufa kwa uzee, ziliuliwa na haraka ya asubuhi na haraka ya jioni.

Haya yote nilifundishwa na mzee mmoja wa Tukuyu aliyekuwa na gereji yake Mwanjelwa, siku hizi kapumzika yuko kwao na chai yake. Nilipofika kwake nilikuwa na cheti, nilikuwa najua kusoma mchoro wa haidroliki, nikadhani ntapewa spana siku ya kwanza. Nilipewa brashi, ndoo ya dizeli na sabuni ya unga. Miezi 4 yani minne kamili nilikuwa naosha. Mashine ikija inavuja kwenye silinda, mzee anaizunguka mara moja, anagusa hapa, ananusa pale, alafu ananiambia kijana osha, yeye anaenda kukaa kwenye benchi. Naosha masaa 2, mwenye mashine kasimama kanuna, mimi nimelowa, naona kabisa tunapoteza muda, kwa nini asifungue zile boliti 4 tuone sili imekatika wapi.

Siku moja nikamuuliza kwa adabu, mzee shikamoo, naomba nielewe, kwa nini tunaosha mashine ambayo jioni itarudi kwenye tope. Akaniangalia akasema, kijana, mgonjwa anafanyiwa operesheni shambani? Mashine chafu haifunguliwi. Basi. Hakuongeza neno. Alikuwa mtu wa maneno machache mno, kazi ikiisha vizuri anasema "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, anachukua koti lake anaondoka, na wewe kama una akili unabaki unatafakari.

Mimi sikutafakari vya kutosha, na nililipia.

Nilishaondoka kwa mzee, najitegemea, nimepata tenda ya kuangalia eskaveta ya tani 20 kwenye machimbo ya kokoto upande wa Mbalizi. Mwezi wa 9, kiangazi kikali, upepo unatoka bondeni na vumbi jeupe la mawe linaruka mpaka kwenye meno. Paipu moja la bumu likapasuka saa 5 asubuhi, malori 6 yamepanga foleni yanasubiri kupakiwa. Tajiri yuko kwenye simu, hapigi kelele, alikuwa ananibembeleza, na hiyo ni mbaya zaidi, fundi wangu nakuomba, nakutegemea wewe, malori yamesimama. Nikafungua paipu palepale. Sikuosha, sikumwagia hata maji. Midomo ya bomba nikaiziba na tambara nililolitoa mfukoni, nikaenda kutengenezesha paipu jingine mjini, nikarudi nikafunga, nikaongeza oili kwenye tanki huku upepo unavuma, saa 8 mchana mashine inachimba. Tajiri akanitumia hela na ya juu. Nikajiona fundi.

Wiki kama 2 hivi opareta akanipigia, bro mashine inalia. Nikamuuliza inaliaje. Akasema kama mbwa aliyefungiwa nje. Nilipofika nikasikia mwenyewe, pampu kubwa inapiga mluzi, bumu linapanda kwa kusitasita. Nikafungua filta ya kurudisha oili, nikaikata kwa msumeno nikaikunjua juani, ndani inametameta rangi ya shaba. Hapo nilikaa chini. Ile rangi ya shaba ni viatu vya pistoni za pampu vinasagika, na kinachovisaga ni vumbi ambalo macho hayalioni. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70, uwazi uliopo kati ya pistoni na nyumba yake ndani ya pampu ni mikroni chache tu, sasa vumbi la kokoto pamoja na nyuzi za tambara langu vilipita mle kwa presha ya zaidi ya baa 300, fikiria mwenyewe.

Pampu ilikuwa zaidi ya milioni 10, used, ya Dubai. Tajiri hakunipeleka popote, alikuwa mstaarabu, tukakubaliana nichangie kwa kukatwa kwenye kazi. Nilikatwa miezi 14. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili na nilimwambia ukweli usiku uleule, na yeye hakusema kitu, alinyamaza tu, nami nikajua anapiga hesabu. Saa 1 na nusu ya kuosha na kuziba midomo vizuri na vizibo vyake ndo ilinigharimu miezi 14. Tangu siku hiyo kwenye boksi langu la zana nina kopo la vizibo vya plastiki vya kila saizi na nailoni safi, hilo kopo mtu akinikopea namfuata mpaka kwake.

Na hiyo ilikuwa hasara ya hela tu. Kuna nyingine haitazamwi kwa hela.

Kipindi bado niko gereji kwa mzee, tulikuwa na mwenzetu mmoja ananizidi miaka kidogo, mchangamfu sana, mkono mwepesi. Siku hiyo kuna greda inavuja sehemu haionekani, oili unaiona chini tu matone matone. Yeye akapitisha kidole kwenye paipu injini ikiwa inaunguruma, anatafuta unyevu. Akasema aah, kama kanichoma mwiba. Tukaangalia, kuna kidoti tu kwenye ncha ya kidole cha shahada, hata damu haikutoka ya maana. Akacheka akafuta, akataka kuendelea. Mzee alikuwa kwenye benchi. Sijawahi kumuona mzee anakimbia mpaka siku ile. Alikuja akazima mashine, akamshika mkono, akamuuliza mara moja tu, ulikuwa unatafuta kwa kidole? Alafu akaita bajaji.

Sisi tuliobaki tukaona mzee kazidisha, kidoti kama hicho hospitali ya nini. Baadaye ndo tukaelewa. Tobo dogo la paipu la haidroliki linatoa oili kwa nguvu inayopita ngozi kama sindano, inaingia ndani inatambaa kwenye kidole mpaka kiganjani, na mwanzoni hausikii kitu. Baada ya masaa machache mkono unavimba unabadilika rangi na hapo umeshachelewa. Mzee aliingia naye mpaka kwa daktari akasema wazi, dokta huu sio mwiba, ni oili ya presha imeingia ndani. Walimpasua jioni ileile, wakafungua kidole mpaka chini wakasafisha. Kidole kipo mpaka leo, hakikunjiki vizuri lakini kipo, na anashika spana.

Kutafuta mvujo unazima kwanza, unashusha bumu chini, unatoa presha kwa kuchezesha liva bila injini, unaosha, unakausha, unawasha tena alafu unapitisha kipande cha boksi au cha mbao, wewe ukiwa mbali. Inachukua nusu saa. Kidole kinachukua sekunde 1. Na mtu akikuona unakatakata boksi la sabuni katikati ya kazi atadhani unacheza.

Vilevile cheni ya eskaveta, ile inayotembelea, ikilegea inakazwa kwa grisi, unapiga grisi kwenye nipeli inasukuma aidla, lile gurudumu la mbele la cheni. Kulegeza unafungua ile valvu mzunguko 1 tu unasubiri grisi itoke yenyewe taratibu, hata kama itachukua dakika 20, na unasimama pembeni, usoni kwako pasiwe mbele yake. Wapo wanaofungua yote ili itoke haraka. Ile valvu ikiruka ni risasi. Dogo wangu hiyo nimemfundisha kabla ya kumfundisha kubadilisha filta.

Sasa lobedi.

Watu wanaona kuendesha lobedi ni kuendesha lori lenye tela la chini. Kazi kubwa iko kabla hujaondoka. Kupandisha mashine kwanza. Huku kwetu mvua ikianza, hasa ukipakia Rungwe ambako mvua haina adabu, cheni za mashine zimejaa tope na sakafu ya lobedi ni chuma kilicholowa, chuma juu ya chuma, tani 20 zinateleza kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Unakwangua tope kwa sepeto, unatandika mbao za mpaina kwenye ngazi, au tairi zilizokatwa, opareta anapanda taratibu bila kugeuza cheni akiwa juu ya ngazi, na hakuna mtu anayesimama pembeni. Ikishakaa unashusha bumu na bakuli juu ya gogo, unafunga loki ya kuzunguka, unakata umeme wa betri, unafunga cheni 4 au zaidi, kila kona, na baindi zake za kukazia. Ukishatembea kilomita 5 unasimama unakaza tena kwa sababu mashine inakaa, cheni zinalegea. Unapima kimo kwa mti mrefu, maana nyaya za umeme mitaani kwetu zimening'inia kila moja kivyake. Hapo saa zima na nusu limeenda na kilomita 5 tu ndo zimetembewa.

Safari ambayo nitaikumbuka ni ya Makongolosi. Eskaveta inaenda kwa wachimba dhahabu, na huko Chunya dhahabu ilianza kuchimbwa tangu miaka ya 1920 wakati wa Mwingereza, kwa hiyo mashine za kwenda huko hazikauki. Kibali chetu cha mzigo mpana kilikuwa cha kutembea mchana tu. Barabara ya Mbeya kwenda Chunya ni kilomita 72 za lami nzuri kabisa, lakini inapanda hasa, unapita msitu wa Kawetere, ukungu unakufunika, mpaka unafika kule juu ambapo bonde la Usangu lote linafunguka chini yako kama mkeka. Na mzigo wote, kichwa, tela na mashine, tulikuwa kwenye tani 40 hivi.

Tukiwa katikati ya kupanda geji ya joto ikaanza kusogea. Hii nayo wengi hawaijui, kila ukipanda mita 300 hivi maji yanachemka nyuzi 1 mapema zaidi, Mbeya mjini penyewe tuko kama mita 1,700, kwa hiyo chungu cha maharage kinachelewa kuiva na radieta inawahi kuchemka. Kinachokuokoa ni mfuniko wa radieta, ile springi yake inabana presha ili maji yasichemke mapema. Mfuniko feki wa elfu 8 unaweza kukuua injini ya milioni 30. Nikapunguza gia, nikapanda taratibu na lori nyuma yangu wananipigia honi, geji ikarudi. Sikufungua radieta, radieta ya moto haifunguliwi, nilishaona mtu uso wake.

Tukafika juu. Hapo mimi huwa nasimama, kila safari, hata kama gari ni jipya. Naegesha, tingo, msaidizi wangu, anaweka mbao kwenye tairi, nazima injini kabisa. Sio kuacha inaunguruma, kuzima. Kwa sababu ukizima ndo unasikia. Na siku hiyo nikasikia ssssss, kasauti kadogo kanatoka ekseli ya katikati ya tela. Busta ya breki, lile kopo la upepo linalosukuma breki, daiaframu yake, ile raba ya ndani, imechanika kidogo, upepo unapita. Nikaingia chini, nikakuta na gurudumu la upande wa pili breki imelegea sana, fimbo ya busta inatoka ndefu kuliko kawaida. Maana yake mbele yetu kuna mteremko, nyuma yangu kuna tani 40, na breki za ekseli moja hazipo.

Simu ikaita. Tajiri. Uko wapi. Nikamwambia niko juu nimesimama nabadilisha daiaframu. Akasema si ushuke nayo taratibu mpaka Chunya kuna mafundi, huku watu wananidai mashine tangu jana. Nikamwambia bosi wangu nakuheshimu ila sishuki. Akakata. Akapiga tena. Alipiga mara 4. Ya mwisho aliniambia kitu ambacho sitakiandika.

Daiaframu ya akiba nilikuwa nayo. Kubadilisha busta barabarani kunahitaji uifunge ile springi ya breki ya kuegesha kwa boliti yake kwanza kabla hujafungua chochote, maana ile springi ikikurukia inavunja mbavu, kwa hiyo nayo ni kazi ya taratibu. Masaa 2 yakaisha. Tukakaza na breki zote upya. Baridi, ukungu, tingo anatetemeka, mama mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni akatupa viazi vya kuchemsha vya moto alivyokuwa amevifunga kwenye kanga, na sijawahi kula kitu kitamu kama vile viazi.

Wakati tumeinama pale, lori moja la mizigo likatupita linashuka. Dereva alipiga honi ya salamu. Nilisikia jinsi linavyoshuka, limelala kwenye gia kubwa na breki zinanyonya upepo, psii, psii, psii, nikamwambia tingo huyu anashuka kwa breki ya mguu tu. Sisi tukashuka baadaye kwa gia ileile ambayo tungeipandia, breki ya egzosti imewashwa, mguu nagusa kwa kushtua tu naachia. Kule chini mteremko unapoisha tukamkuta kaegesha pembeni, tairi za nyuma zinafuka moshi, harufu ya lainingi ya breki imeungua imejaa bondeni, na dereva kakaa chini kwenye nyasi, mikono imelegea juu ya magoti. Breki za drami zikipata moto ile drami inapanuka inakimbia mbali na lainingi, unakanyaga mpaka mwisho na haupati kitu. Alituambia kona ya mwisho hakuwa na breki kabisa. Tingo wake alikuwa ameshika ndoo ya maji anataka kumwagia, nikamwambia dogo acha, ukimwagia zinapasuka, ziache zipoe zenyewe. Tukakaa nao. Hakuna aliyeongea. Tukawaachia maji ya kunywa.

Jua likawa linazama na kibali changu ni cha mchana. Tukalala Lwanjilo. Siku nzima ikaongezeka, tajiri akalipa, na mimi ile hela ya safari akanipunguzia. Sikubishana. Hilo naomba vijana mlijue mapema, kusimama kuna gharama na mara nyingi utailipa wewe. Hakuna mtu atakuja kukushukuru kwa ajali ambayo haikutokea, maana haionekani. Ile daiaframu nimeihifadhi lakini ukimwonyesha mtu anaona kipande cha raba kimechanika.

Ukiwa mlima Kitonga usiku gari limekata shafti kwenye kona, foleni imefika mpaka chini, watu kwenye mabasi wanamtukana dereva, mimi huwa nashuka natembea mpaka kwake namsalimia, namuuliza kama amekula. Huwa wanashangaa.

Kwenye makadirio yangu ya bei siku hizi naandika mstari wa kwanza kabisa "kuosha na kukagua", na naweka hela yake. Mwanzoni wateja walikuwa wanakata ule mstari kwa kalamu. Wengine wanaukata mpaka leo, na hao kazi zao sichukui, ingawa kuna miezi nimelia kwa sababu hiyo, ada ya shule inataka hela na tajiri anataka haraka, na wote wawili wana haki yao. Kwa wanaokubali nimeanza kuwapa daftari, kila filta ninayoikata naandika tarehe, awamita inasoma ngapi, ndani nimekuta nini.

Tajiri mmoja aliyenikimbia alikuwa na kazi ya barabara za vijijini upande wa Wanging'ombe, eskaveta na greda. Alisema mimi fundi mzuri ila mzito. Akachukua vijana wengine, wepesi, wanafungua palepale kwenye vumbi wanafunga mashine inaondoka. Na niseme ukweli, kazi yake aliimaliza kwa wakati. Mashine hazikufa. Nilikaa nikifikiri labda ni mimi ndo nimekuwa mwoga tangu ile pampu ya Mbalizi, labda uoga ndo nauita ufundi. Hilo swali nililibeba muda mrefu, kuna usiku bado linakuja.

Baada ya ile kazi aliiuza ile eskaveta. Jumatatu nimepigiwa simu na namba ngeni, kaka mmoja wa Mafinga, anachimba mitaro kwenye mashamba ya miti upande wa Sao Hill, ndo aliyeinunua. Kasema bumu linapanda linasita, na asubuhi kuna sauti. Nikamuuliza sauti gani. Akafikiria kidogo akasema kama mluzi.

Naenda Alhamisi na dogo. Nimemwambia aizime asiiguse tena, na atuandalie mapipa 2 ya maji, sabuni ya unga na ndoo ya dizeli. Akauliza, fundi si unakuja kuangalia pampu? Nikamwambia ndio kaka, ila kwanza tutaosha.